Mwaka Tuliokimbia Kambini

Shiro alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi nikiwa na glavu mikononi, kwa hiyo sikupokea. Alipopiga mara ya tatu nilivua glavu moja. Aliniambia mama yake ameaga, kwamba sukari ilikuwa imemla miguu mwaka mzima na mwisho ikamshinda, na kwamba watamzika Ijumaa kule Ol Kalou. Familia imekubaliana, akasema, kwamba niseme machache kwa niaba ya marafiki wa Eldoret. Nilimpa pole, nikaahidi kuja, kisha nikarudi kwenye hadubini na kukaa nimeinamia kioo kimoja muda mrefu bila kuona chochote. Nina miaka arobaini na minne sasa, umri uleule aliokuwa nao Mama Shiro nilipokuwa nikikimbia naye, na kuna jambo moja la mwaka ule ambalo sikuwahi kumwambia. Si kwamba nilikosa nafasi. Nafasi zilikuwa nyingi, na nitazitaja hapa moja baada ya nyingine kadiri ninavyozikumbuka, kwa sababu nimechoka kujidanganya kwamba muda haukutosha.

Watu wa mbali wakisikia Eldoret hudhani kila mtu huko anakimbilia medali. Ukisimama kando ya barabara kabla ya jua kutoka utawaona wanariadha wenyewe, wembamba, wakipita kwa makundi bila kuhema, na utaona haya hata ya kutembea. Kwa sisi tuliokuja tu kutafuta kazi, kukimbia katika mji ule kulikuwa kujitafutia fedheha: mtoto wa shule aliyebeba mtungi wa maziwa anakupita huku anakuamkia kwa heshima zote. Mimi nilianza kwa upweke. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeajiriwa katika maabara ya hospitali moja mjini, na nilipanga chumba kimoja mtaa wa Langas, chumba cha kuta za mawe zisizopigwa lipu, chenye dirisha moja linalotazama lango la chuma la ploti, ua wetu wa wapangaji. Jioni zilikuwa ndefu. Mama Shiro alikuwa na duka la mabati hatua chache kutoka lango lile, na ndiye aliyeniambia siku moja, huku akinipimia dagaa wa omena, kwamba daktari amemwamuru akimbie, ati presha na sukari zimemwingilia mwilini pamoja, na kwamba anaona aibu kukimbia peke yake na mwili wake ule.

Mwalimu Kosgei ndiye aliyetuunganisha. Alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mwenye shamba la mahindi nje kidogo ya Langas, na hakuwahi kushinda mbio yoyote maishani. Alipenda kusema kabila lake, lenye wakimbiaji wale wote, lilimsamehe kwa shida sana. Alikuwa na kanuni moja tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: aliye polepole kuliko wote anakaa mbele, na hakuna wa kumpita. Kundi linakwenda kwa mwendo wake. Basi Mama Shiro alikuwa mbele, sketi ya kanisani juu ya suruali ya mazoezi, kitambaa kichwani, raba nyeupe alizozisugua kila Jumamosi, na sisi wawili nyuma yake tukizuia miguu yetu. Saa kumi na moja jioni alikuwa akimwachia Shiro duka, anakuja kwenye lango letu na kugonga kwa kiganja, anaita, "Adhis, ni mimi," nami natoka. Tulikimbia hadi barabara tulivu za Elgon View, chini ya miti, tukazunguka na kurudi. Mwishoni tuliingia kibandani kwa mama mmoja na kunywa chai ya maziwa na mandazi, huku Mwalimu akilalamika kwamba tunamrudishia daktari ugonjwa wake wote kwa sahani moja. Sijawahi kuwa na furaha rahisi namna ile tena.

Ulipokaribia uchaguzi maneno yalibadilika, kwanza mferejini. Wanawake waliokuwa wakinyamaza Mama Shiro akifika na ndoo yake walianza kunyamaza mapema zaidi, akiwa bado mbali. Mimi ni Mjaluo, na majira yale hilo lilikuwa na maana: upande wangu ulikuwa na marafiki wengi Langas. Yeye alikuwa Mkikuyu, na upande wake haukuwa nao. Jioni moja tukiwa njiani, vijana wawili walioketi juu ya magogo walimtazama akipita, na mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, kwamba huyo mama anafanya vizuri kujifunza mbio, atazihitaji. Mwalimu alisimama akawauliza ni watoto wa nani. Wakacheka. Mama Shiro hakugeuka, aliendelea kwa mwendo wake uleule, nasi tukamfuata. Kibandani siku ile hakuna aliyeleta habari ya vijana wale. Tulizungumza juu ya bei ya unga.

Matokeo yalitangazwa, na kesho yake mchana kulikuwa na moshi pande zote. Shiro alikuwa kwa nyanyake Ol Kalou tangu Krismasi, kwa hiyo mama yake alikuwa peke yake dukani. Wapangaji wa ploti yetu walikutana uani na kukubaliana kwamba komeo limefungwa na halifunguliwi kwa yeyote, hata mtu akisema nini. Baba Felo, jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye aliyesema zaidi. Alikuwa na watoto watatu na sikumlaumu, hata sasa simlaumu. Nilikuwa nimeweka omena jikoni. Ilikuwa kama saa tisa niliposikia kiganja kwenye lango. Mara mbili, kama kawaida. "Adhis, ni mimi." Nilizima stovu kwanza, nakumbuka vizuri, nikaogopa harufu ya chakula itasema kuna mtu. Nikasogea kwenye dirisha nikasimama nyuma ya pazia. Kutoka pale hadi kwenye komeo ni hatua kumi, nimezipima mara nyingi baadaye. Baba Felo alikuwa amesimama mlangoni kwake, akanitazama, akatikisa kichwa. Lakini hakunishika mkono. Hakuna aliyenishika. Mama Shiro aliita mara ya pili, sauti ikiwa chini zaidi, na mara ya tatu akaniita jina langu lote, Adhiambo, ambalo hakuwahi kulitumia. Nilikaa kitandani. Kisha nikasikia miguu yake, miguu niliyokuwa nikiifuata miezi kumi, ikienda kwa kasi ambayo sikujua inaiweza. Duka lake lilichomwa kabla omena zangu hazijapoa.

Siku ya tatu nilifika hospitali, nikabaki huko karibu wiki, tukilala kwenye viti. Sitaandika niliyoyaona. Nilifanya kazi mpaka vidole vikafa ganzi, na kila aliyeletwa kwenye machela nilimtazama uso nikiogopa kumjua. Simu ya Mwalimu iliponifikia alisema neno moja, "Yuko." Mama Shiro alikuwa amekimbia kutoka langoni kwetu hadi nyumbani kwake Mwalimu, njia nzima bila kusimama, patipati zake za mpira zikimkatikia njiani, na Mwalimu alimfungulia. Alimficha kwenye ghala ya mahindi siku mbili, kisha akampeleka kwa polisi akiwa amelala chini ya magunia nyuma ya pikapu ya kukodi. Sasa alikuwa kambini, kwenye uwanja wa maonyesho, na maelfu ya wengine. Nililia kwa shukrani, nikaoga, nikalala, na nilipoamka ndipo aibu iliponipata.

Nilikwenda kambini mwishoni mwa Januari na mkate, maziwa na dawa zake. Hema lake lilikuwa la tatu kutoka kwenye matangi ya maji, na ndani mlikuwa na godoro moja, sufuria mbili, na sanduku la mbao la soda alilolitumia kama meza. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Akaanza kunisimulia ile siku kwa mzaha, kama alivyosimulia kila kitu, kwamba Mwalimu angemwona njiani angempa zawadi, kwamba mwendo ule hata mabingwa wangempisha. Halafu akasema, "Nilipita kwako kwanza. Niligonga sana. Nikajiambia, huyu msichana ako hospitali, wamemwita."

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa ananipa jibu mkononi, nami nililipokea.

"Nilikuwa zamu," nikasema.

"Si nilijua. Ungekuwa ndani ungenifungulia."

Kisha akanipakulia githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sahani ya plastiki, mgao wake wa siku, na kwa kuwa sikuweza kumtazama nililazimika kutazama sahani, na nilikula yote.

Mwezi wa Machi wakubwa wa siasa walikuwa wamepatana na mji ukaanza kufungua madirisha. Mwalimu alinijia akasema anaona wakati umefika tukimbie kidogo, mimi na yeye, njia yetu ya zamani, ili tuizoee upya. Tulitoka saa kumi na moja. Hatukuwa tumefika mbali. Mama muuza sukuma wiki aliinua kichwa akatuona, na bila kuuliza neno alimnyakua mtoto wake na kuanza kukimbia. Aliyekaa karibu naye akamfuata. Nikasikia milango ya chuma ya maduka ikishuka, mmoja, mwingine, kisha yote. Katika dakika moja barabara nzima ilikuwa ikikimbia, mbele yetu na nyuma yetu, watu wameacha nyanya chini, na mwanamume mmoja aliyekuwa akikimbia sambamba nami aliniuliza wako wapi. Nikamuuliza nani. Hakungoja. Mwalimu alisimama katikati ya barabara akainua mikono yote miwili, akawa anarudia kwamba ni mazoezi, ni mazoezi tu, lakini hakuna aliyemsikia. Ilipotulia, alikaa kwenye ukingo wa mtaro akavua kofia yake na kujifunika nayo uso. Mji ambamo mtu alikuwa anaweza kukimbia bila hata mbwa kumgeukia ulikuwa umetimua mbio kwa sababu yetu. Tulirudi nyumbani tukitembea, mikono nje ya mifuko, tukiwaamkia watu wote.

Siku ileile, tukitembea hivyo, ndipo Mwalimu aliponiuliza. Mama Shiro alikuwa amefika kwake akihema kwamba amegonga kwangu hakuna mtu. Mwalimu alikuwa amefundisha watoto miaka mingi na alijua uso wa mtoto anayeficha kitu. "Na ulikuwa?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakukasirika, ingawa hasira ingenisaidia. Nikamwambia yeye alifungua, na yeye ndiye aliyekuwa na watu wake nje wenye mapanga. Alikataa kusifiwa. "Mimi nilifungua kwa sababu hakuna mtu angechoma kwangu. Usinifanye malaika," akasema. Kisha akaongeza kwamba nimwambie Mama Shiro. Si leo, mguu haujapona, lakini kabla hajaondoka Eldoret. Nikaahidi.

Mguu ulipopona, sukari ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi wa kambi alinionyesha vipimo na sikuhitaji maelezo, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikivisoma vya wengine kutwa. Nikamwambia Mama Shiro tutakimbia humu humu, kuzunguka ua. Alicheka akauliza kwa patipati gani, nikampa raba zangu, ambazo zilimbana kidogo. Mzunguko wa kwanza haukuisha. Mama mmoja alimwona akipita mbio nyuma ya mahema akapiga mayowe, na watoto wakaanza kutoroka kila upande. Mama Shiro alisimama hapo hapo akawaita kwa Kikuyu mpaka wakanyamaza. Kesho yake alipita hema moja hadi jingine, kambi nzima upande ule, akitoa taarifa mwenyewe: saa kumi na moja mkiniona nakimbia, ni sukari, si watu. Ilimchukua siku mbili. Wengine walimwomba arudie ili wazee wao wasikie. Baada ya hapo alikimbia, na jioni za Juni watu walikuwa wakitoa viti vyao vya plastiki nje kumtazama, wakimtania kwamba sukari inamfukuza na karibu itamfikia.

Mwalimu hakuingia kambini. Nilimsihi, akasema watu wakisikia jina lake tu hawatalala, na wana haki. Lakini jioni moja tulipofika upande wa nyuma, ambako ua ulikuwa wa seng'enge tupu, tulimkuta amesimama nje kwenye nyasi na kofia yake. Mama Shiro alimtazama tu, halafu akaendelea, na Mwalimu akaanza kukimbia upande wake wa seng'enge, hatua mbili nyuma yake, akizuia miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama Shiro upande wa ndani. Mwalimu alikuja karibu kila wiki hadi mvua zilipoharibu nyasi. Watu wa kambi walimjua wakamwacha. Mimi peke yangu ndiye niliyepita langoni nikiingia na kutoka nipendavyo, nikipeleka mahindi mabichi ya Mwalimu kwa Mama Shiro na kurudisha salamu, na kila aliyeniona alinisifu kwa moyo wangu mzuri. Nilizichukia sifa zile na sikuzikataa. Kila nilipokuwa nyuma yake nikitazama kisigino chake kilichokuwa na kovu, nilijiambia leo, tukimaliza mzunguko huu. Kisha tukamaliza, akaniletea chai, na nikanywa.

Aliondoka mwisho wa mwaka. Ndugu yake alikuwa amempa sehemu ya shamba Ol Kalou, na lori lilikuwa lije asubuhi ya pili. Nilimkuta amefunga vitu vyote isipokuwa sufuria moja ya chai. Mwalimu alikuwa amenikumbusha siku hiyo, kwa upole, na nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. Nilikaa kwenye godoro lililokunjwa nikasema, "Mama Shiro, ile siku ya lango."

Aliweka mkono wake juu ya goti langu. "Adhis, usiniambie kitu cha kunifanya nilie. Niko na safari."

Nimeyageuza maneno hayo kwa miaka kumi na sita na sijui alimaanisha nini. Huenda alidhani nataka kumkumbusha duka lake. Huenda alijua. Ninachokijua ni kile nilichohisi: nafuu. Nilifurahi. Hilo linanitia aibu kuliko hata komeo, kwa sababu siku ya komeo niliogopa kufa, na siku ile ya chai hakukuwa na wa kuniua. Tulikunywa chai, nikamsaidia kukunja hema, na akaniambia nisiache kukimbia kwa kuwa yeye ameenda.

Tulipigiana simu kila Krismasi. Mwalimu aliniuliza mwaka baada ya mwaka kama nimesema, halafu akaacha kuniuliza, halafu naye akafa.

Ijumaa ile tuliondoka Eldoret kwa basi dogo tukiwa watu kumi na wawili, wengi wakiwa majirani wa zamani. Kwenye mazishi Shiro alinitambulisha mwenyewe. Ni mwanamke mzima sasa, mwalimu, ana sauti ya mama yake. Aliwaambia waombolezaji kwamba huyu ndiye Anti Adhiambo, ambaye siku zile mbaya alikuwa hospitali akihudumia waliojeruhiwa huku mama akigonga mlango wake, na mama alikuwa akisema kila mara, Adhis angekuwa ndani angenifungulia. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikasema machache. Nilisimulia jinsi alivyopita hema hadi hema kutangaza sukari yake, na wakacheka huku wakilia, na nilikaa chini nikiwa nimesema ukweli mtupu na kudanganya mwanzo hadi mwisho.

Baada ya chakula nilimfuata Shiro nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, alikokuwa akisuuza sahani na wanawake wengine. Nilingoja mpaka wakaondoka na beseni la kwanza.

"Shiro, mimi nilikuwa ndani siku ile. Nilimsikia mamako. Aliniita mara tatu."

Hakuacha kusuuza. Alimaliza sahani aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya nyingine.

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Mlikimbia na yeye mwaka mzima, Anti."

"Ndiyo."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?"

Nilitaka kujibu kwamba alistahili kujua, lakini haikuwa hivyo. Nilitaka anisamehe. Alinitazama mpaka akaliona hilo, kisha akafunga mfereji, akajifuta mikono, na kuniambia kwa adabu kwamba basi la watu wa Eldoret linaondoka saa kumi, nijiandae, nisije nikaachwa.